Utambuzi wa maumbo katika mtihani wa DAT

Utambuzi wa maumbo ni sehemu ya mtihani wa DAT, yaani mtihani wa kujiunga na vyuo vya udaktari wa meno nchini Marekani. Sehemu hii, ambayo kwa ufupisho huitwa PAT, hupima uwezo wa mtahiniwa wa kulielewa umbo lenye urefu, upana na kimo kwa kutazama mchoro bapa tu. Ina maswali 90 ya kuchagua jibu, yanayofanywa kwa dakika 60. Maswali hayo yamegawanywa katika mafungu sita, kila fungu maswali 15: matundu, mionekano, pembe, karatasi iliyokunjwa na kutobolewa, hesabu ya michemraba, na maumbo bapa yanayokunjwa.

Watahiniwa wengi huiogopa kuliko kemia au biolojia, kwa kuwa haina kitabu cha kukariri wala si somo linalofundishwa shuleni kwa jina hilo. Wapo wanaoamini kwamba ni kipaji: mtu amezaliwa nacho au hana. Imani hiyo huwaumiza bure. Maswali mengi ya PAT hutatuliwa kwa kuhesabu, kulinganisha na kuondoa majibu yasiyowezekana, na kazi hizo anaziweza yeyote aliyesoma hisabati ya sekondari kwa makini.

Mahali pake katika mtihani

DAT huandaliwa na Chama cha Madaktari wa Meno cha Marekani (ADA) na umekuwa ukitolewa nchi nzima tangu mwaka 1950. Wanaoufanya ni wanafunzi ambao tayari wako chuo kikuu au wamemaliza, kwa sababu nchini Marekani masomo ya udaktari wa meno, ambayo kwa kawaida huchukua miaka minne, huanza baada ya masomo mengine ya chuo. Pamoja na utambuzi wa maumbo, mtihani una sayansi (biolojia, kemia ya jumla na kemia ogania), ufahamu wa kusoma na hisabati.

Zamani uwezo huu ulipimwa kwa mikono. Mtahiniwa alipewa kipande cha chaki na kisu, akatakiwa kukichonga kwa kufuata mchoro na vipimo. Mwanzoni mwa miaka ya 1970 zoezi la chaki liliachwa, na maswali ya maumbo yakachukua nafasi yake. Kanada, yenye mtihani wake wa DAT chini ya chama chake cha madaktari wa meno, ilikuwa kwa miaka mingi na zoezi la kuchonga kipande cha sabuni.

Sababu ya kupima jambo hili haifichiki kwa mtu aliyewahi kukaa kwenye kiti cha daktari wa meno. Daktari huyatazama meno ya juu kupitia kioo kidogo, hivyo mkono wake unakwenda upande mmoja na picha anayoiona inakwenda upande mwingine. Picha ya eksirei ni bapa, lakini mzizi wa jino hauko bapa. Tundu la jino linalozibwa lazima lichongwe kwa kina na mteremko maalumu, katika nafasi ambayo kidole hakiingii vizuri. Hata hivyo uhusiano kati ya alama za PAT na ufanisi chuoni si mkubwa sana. Huonekana zaidi katika mafunzo ya awali ya vitendo kuliko katika masomo ya nadharia.

Alama za PAT hutolewa peke yake, bila kuchanganywa katika wastani wa masomo mengine. Kwa miaka mingi zilihesabiwa kuanzia 1 hadi 30. Tangu mwaka 2025 kipimo kinachotumika ni cha 200 hadi 600.

Vyuo vya Afrika Mashariki havina sehemu ya namna hii. Chuo Kikuu cha Afya na Sayansi Shirikishi Muhimbili, Dar es Salaam, huchagua wanafunzi wa udaktari wa meno kwa kutazama matokeo ya fizikia, kemia na biolojia ya kidato cha sita, na nchini Kenya hutazamwa matokeo ya KCSE. Kwa hiyo msemaji wa Kiswahili hukutana na PAT akiwa Amerika ya Kaskazini, mara nyingi akiwa mtu mzima na bila kuwahi kuona swali hata moja la aina hiyo.

Kipaji au mazoezi

Mwaka 1971 wanasaikolojia Roger Shepard na Jacqueline Metzler walichapisha jaribio lililokuja kuwa maarufu. Waliwaonyesha watu picha mbili za umbo lililojengwa kwa michemraba, wakawauliza kama ni umbo lilelile lililogeuzwa au ni jingine. Ilionekana kwamba kadiri pembe ya kuligeuza ilivyokuwa kubwa, ndivyo jibu lilivyochukua muda zaidi, tena kwa uwiano ulionyooka. Ni kana kwamba mtu huligeuza umbo kichwani polepole, kama anavyogeuza kitu mkononi.

Kwa mtahiniwa matokeo hayo yana maana ya moja kwa moja: kugeuza umbo kichwani kunakula sekunde, na sekunde ndizo anazokosa. Dakika 60 kwa maswali 90 ni wastani wa sekunde 40 kwa swali. Kila swali linaloweza kugeuzwa kuwa swali la kuhesabu ni nafuu.

Jambo la pili ni kwamba uwezo wenyewe hukua. Mwaka 2013 David Uttal na wenzake walikusanya tafiti 217 kuhusu mafunzo ya uwezo wa aina hii, wakakuta kwamba mafunzo huuongeza, na kwamba faida yake hudumu na kuhamia hata katika kazi ambazo mwanafunzi hakuzifanyia mazoezi.

Matundu

Katika fungu la kwanza mtahiniwa huonyeshwa umbo moja, kisha matundu matano. Atafute tundu ambalo umbo hilo linaweza kupita. Umbo linaruhusiwa kugeuzwa upande wowote kabla ya kuingia, lakini likishaanza kupita haligeuzwi tena. Tundu sahihi lina ukubwa na sura ileile ya mzunguko wa nje wa umbo.

Hilo neno "mzunguko wa nje" ndilo ufunguo. Tundu ni kivuli. Chukua birika la chai lenye mdomo na mkono, uliangazie taa kutoka upande mmoja na utazame kivuli chake ukutani. Likiwa limekaa ubavu, kivuli kina mdomo na mkono. Ukiligeuza mdomo ukuelekee, vyote viwili humezwa na tumbo la birika, na kivuli kinakuwa kama cha chungu. Mapambo, makunyanzi na mashimo yaliyo ndani ya kivuli hayana kazi hapa.

Basi kila umbo lina vivuli vitatu vya kuangalia: kutoka juu, kutoka mbele na kutoka ubavuni. Tuseme umbo ni ngazi fupi ya vidato viwili, yenye upana wa 3, urefu wa 4 na kimo cha 2. Kutoka juu kivuli ni mstatili wa 3 kwa 4. Kutoka mbele ni mstatili wa 3 kwa 2. Kutoka ubavuni tu ndipo vidato vinaonekana. Tundu lenye sura ya vidato lakini lenye urefu wa 3 badala ya 4 ni mtego, na mtego wa namna hii ndio unaopendwa na watungaji: sura sahihi, kipimo kibaya. Kwa upande mwingine, tundu lililogeuzwa kama katika kioo si kosa, kwa kuwa kivuli cha mbele na kivuli cha nyuma ni kilekile kilichogeuzwa.

Mionekano

Hapa hakuna picha ya umbo. Kuna michoro miwili kati ya mitatu, yaani mwonekano wa juu, wa mbele na wa upande, na mtahiniwa achague wa tatu kati ya minne iliyotolewa. Ukingo unaoonekana huchorwa kwa mstari kamili. Uliofichika huchorwa kwa mstari wa vitone.

Aliyesoma uchoraji wa kiufundi shuleni atajiona yuko nyumbani, lakini ajihadhari. Mtihani huu hufuata mpangilio wa Marekani, unaoitwa mfumo wa pembe ya tatu: mwonekano wa juu hukaa juu ya mwonekano wa mbele, na mwonekano wa upande, unaokaa kulia, ni wa ubavu wa kulia. Vitabu vingi vya mapokeo ya Uingereza hutumia mfumo wa pembe ya kwanza, ambapo mwonekano wa juu huwekwa chini ya ule wa mbele, na mchoro ulioko kulia ni wa ubavu wa kushoto. Mwanafunzi aliyezoea mfumo huo anaweza kujibu swali baada ya swali kwa uhakika kabisa na kukosa, kwa sababu anatazama ubavu usiotakiwa. Haoni kosa lake kwa sababu fikra zake zote ni sahihi isipokuwa mahali alipoanzia. Inafaa azoee mpangilio mpya kwa kuchora mwenyewe michoro kadhaa kabla ya kugusa maswali ya mazoezi.

Kinachounganisha michoro mitatu ni vipimo. Mwonekano wa mbele una upana na kimo. Wa juu una upana na urefu wa kwenda nyuma. Wa upande una urefu huo na kimo. Kwa hiyo kila badiliko la kimo linaloonekana mbele lazima lionekane upande pia, katika usawa uleule. Kama mchoro wa mbele una mistari mitatu ya mlalo iliyo katika vimo vitatu tofauti, jibu lenye vimo viwili tu limeshaanguka, hata kabla ya kuliwaza umbo lenyewe.

Chukua ubao mnene uliotobolewa kwa keekee kutoka mbele hadi nyuma. Mchoro wa mbele ni mstatili wenye duara. Kutoka juu ukuta wa tundu hauonekani, hivyo panachorwa mistari miwili ya vitone inayokwenda kutoka ukingo wa mbele hadi wa nyuma, na nafasi kati yake ni sawa na kipenyo cha duara. Kutoka upande ni vivyo hivyo. Sasa tuseme keekee iliishia katikati ya ubao. Mchoro wa mbele haubadiliki hata kidogo, lakini kutoka juu ile mistari miwili inaishia katikati, na mstari mfupi wa vitone unaifunga mwishoni. Tofauti ya majibu mawili katika mtihani mara nyingi ni mstari mmoja mfupi kama huo. Ndiyo maana kuhesabu mistari ya vitone, kisha kuhesabu mistari kamili, hufika kwenye jibu mapema kuliko kujaribu kulijenga umbo zima kichwani.

Pembe

Pembe nne huonyeshwa, nazo zipangwe kutoka ndogo hadi kubwa. Vifaa vya kupimia haviruhusiwi. Fungu hili ndilo lenye maelezo machache na mazoezi mengi, kwa kuwa jicho hufundishwa kwa kutazama tu.

Kosa la kawaida ni kudanganywa na urefu wa mikono ya pembe. Pembe yenye mikono mirefu huonekana kubwa. Dawa yake ni kuteua umbali mmoja mfupi kutoka kwenye kipeo, uleule kwa pembe zote, na kutazama nafasi iliyopo kati ya mikono miwili mahali hapo. Kwa umbali wa sentimita 10, pembe ya nyuzi 30 ina nafasi ya karibu sentimita 5.2, na ya nyuzi 35 ina karibu sentimita 6.0. Tofauti inaonekana.

Kwa pembe butu njia hiyo hudhoofika. Nyuzi 130 na nyuzi 135, kwa umbali uleule wa sentimita 10, zinapishana kwa milimita tatu au nne tu. Hapo ni bora kuurefusha mkono mmoja kwa mawazo kupita kipeo na kulinganisha pembe zilizobaki nje, yaani 50 na 45, ambazo zinapishana kwa milimita nane. Pembe ya nje iliyo ndogo ndiyo yenye pembe ya ndani iliyo kubwa.

Si lazima kuzipanga zote. Ukiwa na hakika ya iliyo ndogo kuliko zote, au iliyo kubwa kuliko zote, majibu kadhaa huondoka, na hubaki kulinganisha pembe mbili.

Karatasi iliyokunjwa na kutobolewa

Karatasi ya mraba hukunjwa mara moja, mbili au tatu, kisha hutobolewa. Swali ni: ikikunjuliwa, matundu yatakuwa wapi? Karatasi haizungushwi, na sehemu iliyokunjwa haivuki mipaka ya karatasi ya mwanzo. Majibu huonyeshwa kwenye nafasi 16, nne kwa nne.

Fungu hili linamlipa vizuri anayefuata utaratibu. Zipe safu wima majina A, B, C na D kutoka kushoto, na safu mlalo namba 1 hadi 4 kutoka juu. Kila mkunjo ni kioo. Ukikunjua, kila tundu huzaa pacha upande wa pili wa mstari wa mkunjo, kwa umbali uleule. Anza na mkunjo wa mwisho, urudi nyuma hadi wa kwanza.

Mfano: kwanza safu 4 inakunjwa kwenda juu ikalalia safu 3. Kisha nusu ya kushoto inakunjwa kwenda kulia, A ikalalia D na B ikalalia C. Karatasi inatobolewa mahali pawili, C3 na C2. Tunakunjua mkunjo wa pili: C3 inazaa B3, na C2 inazaa B2. Tunakunjua mkunjo wa kwanza: C3 inazaa C4, na B3 inazaa B4. C2 na B2 hazizai kitu, kwa kuwa safu 2 haikuguswa na mkunjo ule. Jumla ni matundu sita: B2, C2, B3, C3, B4 na C4.

Kuna hakikisho jepesi. Idadi ya matundu ni sawa na idadi ya tabaka za karatasi zilizotobolewa. Mahali pa C3 palikuwa na tabaka nne, na mahali pa C2 tabaka mbili. Nne na mbili ni sita. Jibu lolote lenye matundu matano au manane halihitaji kutazamwa tena.

Mkunjo wa mshazari huwachanganya wengi, ingawa kioo ni kilekile. Kona ya chini kulia, D4, ikikunjwa hadi ikaifikia A1, mstari wa mkunjo unakwenda kutoka A4 hadi D1. Tundu la A1 litazaa D4, la B1 litazaa D3, la A2 litazaa C4. Angalia kwamba safu wima na safu mlalo zimebadilishana kazi: hatua moja kwenda kulia imekuwa hatua moja kwenda juu. Tundu lililo juu ya mstari wenyewe wa mkunjo, mfano D1, halina pacha.

Hesabu ya michemraba

Michemraba iliyo sawa imegundishwa pamoja ikawa rundo, kisha rundo likapakwa rangi kila mahali isipokuwa chini lilipokalia. Swali huuliza ni michemraba mingapi iliyopakwa rangi nyuso mbili, au tatu, au nne. Michemraba iliyojificha huhesabiwa pia, ila ni ile tu inayohitajika kuibeba mingine.

Anayejaribu kujibu kwa kukodolea macho atahesabu mmoja mara mbili na kuusahau mwingine. Mtahiniwa hupewa kibao cha kuandikia, na hapa ndipo kinapofaa. Andika 0, 1, 2, 3, 4 na 5 kwa kushuka, kisha upitie mchemraba mmoja mmoja, tabaka moja baada ya jingine, ukitia alama kwenye mstari wake. Jedwali hilo moja hujibu maswali yote yanayohusu rundo lile.

Tuanze na rundo dogo: michemraba mitatu imepangwa mstari mmoja chini, na wa nne umekaa juu ya ule wa kushoto. Wa juu una rangi nyuso 5, kwa kuwa umeshikwa chini tu. Wa chini kushoto umefunikwa juu na umeshikana na jirani mmoja, hivyo umebakiwa na nyuso 3. Wa katikati ana majirani wawili. Rangi iko juu, mbele na nyuma, nyuso 3. Wa kulia ana jirani mmoja, nyuso 4. Jedwali linasema: wenye 5 ni mmoja, wenye 4 ni mmoja, wenye 3 ni miwili.

Tukague. Michemraba 4 ina nyuso 24. Kuna viungo vitatu, na kila kiungo huficha nyuso mbili, jumla 6. Chini zimefichika 3. Hubaki 15. Katika jedwali: 5 na 4 na 3 na 3 ni 15. Ukaguzi huu hautakiwi katika kila swali la mtihani, muda hauruhusu, lakini wakati wa mazoezi humwonyesha mwanafunzi mara moja kama jicho lake linaaminika.

Rundo jingine: tabaka la chini ni tatu kwa tatu, na mchemraba mmoja umekaa juu ya ule wa katikati. Minne ya pembeni kwenye kona ina nyuso 3 kila mmoja. Minne iliyo kati ya kona ina 2. Wa katikati hauna rangi kabisa, maana umezungukwa pande nne, umefunikwa juu na umekalia chini. Wa juu una 5. Huyu wa katikati, asiye na rangi, ndiye anayesahaulika, kwa kuwa hata katika mchoro haonekani.

Maumbo bapa yanayokunjwa

Katika fungu la mwisho huonyeshwa kipande bapa chenye mistari ya kukunja, na mtahiniwa achague umbo litakalotokea. Upande unaoonekana wa kipande bapa ndio unaokuwa nje.

Mfano rahisi ni mchemraba. Miraba minne imepangwa mlalo, 1, 2, 3, 4. Wa 5 uko juu ya 2, na wa 6 uko chini ya 2. Ukiukunja, 1 hutazamana na 3, 2 hutazamana na 4, na 5 hutazamana na 6. Nyuso zinazotazamana haziwezi kuonekana pamoja katika picha moja. Kwa hiyo picha yoyote inayoonyesha 1 na 3 kwa pamoja si sahihi, na hakuna haja ya kuendelea kuiwaza.

Hatua ya pili ni mwelekeo. Uso 2 ukiwa mbele na 5 ukiwa juu, kulia lazima uwe 3. Picha yenye 2 mbele, 5 juu na 1 kulia ina nyuso zinazoweza kukutana, lakini ni sura ya kwenye kioo. Njia ya kuitambua ni kuzunguka kona ambapo nyuso tatu zinakutana: kwa mwendo wa saa ni 2, 5, 3. Picha sahihi itafuata mzunguko huo vyovyote itakavyogeuzwa.

Maumbo mengine hayana namba, ila yana sura zisizo za kawaida. Hapo tafuta uso wa pekee kuliko zote, mathalani trapeza moja kati ya mistatili mingi, uhesabu una pande ngapi na umepakana na nyuso gani. Picha ambayo uso huo una upande mmoja wa ziada, au jirani asiye wake, inaondoka.

Vifaa vya mazoezi

Programu na vitabu vya mazoezi vipo kwa wingi na vingi huuzwa kwa bei kubwa. Mwanzoni havihitajiki. Karatasi ya manila, mkasi na rula vinatosha kwa fungu la maumbo bapa: fungua kwa uangalifu boksi la dawa ya meno au la majani ya chai, ulitandaze, uandike namba kwenye nyuso zake, kisha ulikunje tena. Kwa michemraba, mche wa sabuni ya kufulia hukatwa kwa kisu vipande sawa. (Neno mche tunalolitumia katika hisabati kwa maumbo ya aina hiyo ndilo hilihili la sabuni.) Kwa karatasi iliyotobolewa, karatasi halisi na ncha ya kalamu. Mwanafunzi abashiri kwanza, aandike jibu lake, ndipo akunjue. Akikunjua kabla ya kubashiri hajifunzi kitu. Baada ya majuma kadhaa vifaa hivi viwekwe kando, kwa kuwa katika chumba cha mtihani haviruhusiwi, na hapo ndipo mazoezi ya kwenye kompyuta yanapoanza kuwa na faida.

Muda

Dakika 60 ni za mafungu yote sita kwa pamoja, na mtahiniwa anaweza kuruka swali, kuliwekea alama na kulirudia. Si lazima afuate mpangilio. Wapo wanaoanza na pembe, karatasi na michemraba, kwa sababu mafungu haya hujibika haraka kwa utaratibu, wakayaachia matundu na mionekano muda uliobaki. Pembe hasa hazifaidiki kwa kukaa nazo: jicho likitazama pembe mbili kwa muda mrefu huanza kuziona sawa. Sekunde 20 kwa swali zinatosha, na zile zilizookolewa hapo zinahitajika kwenye mionekano. Swali lililokosewa halipunguzi alama; hupata sifuri sawa na swali lililoachwa wazi. Kwa hiyo dakika moja kabla ya mwisho, mtahiniwa apite kwenye maswali yote aliyoyaruka na kuweka jibu katika kila moja, akichagua kati ya yale ambayo bado hajayaondoa.